Mwalimu Gitari Anatafuta Kompyuta

Karurumo,
19 Januari 1998

Kwa dada yangu Nelius,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Tuko wazima, isipokuwa mguu wa Mama ambao baridi ya mvua hii imekataa kuuacha upone. Tangu Oktoba hatujaona jua la siku mbili mfululizo. Maharagwe yalioza shambani kabla hatujavuna, na ile kahawa ya upande wa mto ilichukuliwa na maporomoko, mistari mitatu mizima. Lakini hakuna mtu aliyeumia na ng'ombe wako salama. Mama anauliza kama Mwendwa ameshapata shule ya sekondari, na kama mtoto huyo anakula vizuri. Amenionya nisisahau hilo la kula.

Usishangae kuona mwandiko wa Muthoni. Nilijikata kidole na panga nikikata nyasi, kwa hivyo mimi nasema na mke wangu anaandika. Yeye pia anakusalimu.

Sasa neno lililonifanya nikuandikie. Nataka kununua kompyuta. Si ile kubwa ya mezani. Ni ile ndogo ya kupakata, laptop. Najua utacheka. Ni mimi niliyesimama kwenye harusi yako nikasema dada yangu amekwenda Meru kufundisha watu kupigapiga televisheni. Cheka, na ukimaliza unisaidie.

Nimeuza mtamba mmoja, kwa hivyo usiwe na wasiwasi upande huo. Nataka mashine moja tu itakayofanya kila kitu: mitihani ya shule, ripoti za wanafunzi, kumbukumbu za mikutano ya kanisa, hata barua kama hii. Iwe ya kazi na ya matumizi ya kila siku. Ningependa kuwa nayo kabla ya muhula wa pili. Katika ukoo wetu mzima ni wewe peke yako unayeishi na hizi mashine. Nichagulie.

Na usimwambie mtu. Watu wa hapa wakisikia mwalimu amenunua kompyuta watasema mengi.

Ni mimi ndugu yako,
Gitari Munyi


Meru,
3 Februari 1998

Kwa kaka yangu Mwalimu,

Barua yako ilichukua siku kumi na mbili kutoka Karurumo hadi hapa, safari ya asubuhi moja. Wanasema barabara ilikatika mahali. Tunashukuru ilifika, na haikulowa.

Huku hatujambo. Shemeji yako Bundi bado yuko na kazi yake ya chama cha ushirika na anasafiri kila wiki. Mwendwa ameingia kidato cha kwanza. Mwambie Mama anakula mpaka tunaogopa. Mimi niko palepale katika chuo chetu karibu na Gakoromone, wanafunzi thelathini na kompyuta nane, mbili zikiwa mbovu kila siku.

Nimecheka, ndiyo. Nimecheka mpaka mwenzangu wa ofisini akauliza kuna nini. Halafu nikaenda dukani kwa Mutugi, anayetuuzia vifaa vya chuo, kwa sababu nilifurahi sana kwamba umeniuliza mimi. Ana laptop tatu, zote zimetumika Uingereza kabla ya kuletwa huku.

Ya kwanza ni ndogo na nyepesi, uzito wa Biblia na kitabu cha nyimbo. Ya pili ni nyeusi na nene. Ukiibeba kutoka stendi mpaka nyumbani utaibadilisha bega mara tatu, lakini vitufe vyake ni vikubwa kama vya taipureta. Ya tatu ni ya kijivu, ndiyo mpya kuliko zote, skrini ina rangi, na badala ya kipanya ina kibao kidogo unachopapasa kwa ncha ya kidole.

Mimi ningekuchukulia ile ndogo. Wewe unatembea kwenda shule na unapanda mlima. Betri yake inakaa karibu saa tatu, na hilo ni jambo kubwa kwako kwa sababu umeme haujafika nyumbani. Utaichaji shuleni na kuitumia jioni.

Lakini niambie kwanza. Utaandika kurasa ngapi kwa siku? Utakuwa ukiibeba kila siku au itakaa nyumbani? Kuna printa shuleni? Na mbona laptop, kaka, wakati kwa fedha hizo hizo ungepata kompyuta nzuri ya mezani iwekwe pale ofisini kwa walimu?

Kidole kipone haraka.

Dada yako,
Nelius Kanini


Karurumo,
22 Machi 1998

Kwa dada yangu Nelius,

Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na mitihani, halafu Mama akalazwa siku nne kwa ajili ya mguu. Amerudi na anatembea na fimbo, na ameanza kugombana na kuku, kwa hivyo ujue amepona.

Nimeisoma barua yako vizuri. Ile ndogo siitaki.

Usiniulize kwa nini. Nataka yenye vitufe vikubwa, na viwe vigumu kidogo, si vile ambavyo ukivigusa tu vimeshaandika. Na kile kibao cha kupapasa, je, ni lazima mtu akitumie au kuna njia nyingine? Jambo la tatu: kidole kikikaa juu ya herufi muda kidogo, mashine inaandika herufi moja au inaandika nyingi? Hilo ulijaribu mwenyewe uniambie.

Kuhusu kuiweka ofisini, hapana. Nataka kuandikia nyumbani, peke yangu. Printa ipo kwa karani wa shule.

Kidole bado. Kilipata uchafu.

Muhula wa pili unaanza Mei. Tafadhali, Nelius, nisaidie jambo hili lisipite Aprili.

Ndugu yako,
Gitari

(Nyuma ya karatasi:) Wifi yangu, ni mimi Muthoni. Naandika haya akiwa ameenda kunawa. Kidole hakina neno, hakijawahi kuwa na neno. Ni mikono, yote miwili. Usimwambie nimekuambia.


Meru,
30 Machi 1998

Kwa kaka yangu Gitari,

Salamu kwa Mama na fimbo yake. Salamu kwa Muthoni pia, mwambie mwandiko wake unasomeka vizuri sana, pande zote.

Sisi tuko wazima. Mwendwa amekuja likizo fupi na amekuwa mrefu kuliko mimi.

Nilirudi kwa Mutugi Jumamosi na nikazijaribu zote tatu tena kwa namna mbalimbali. Majibu ni haya. Vitufe vya ile ndogo vimebanana sana, ulisema kweli. Ile ya kijivu, kile kibao chake hakimfai kila mtu. Kinataka kidole kilichotulia. Kidole kikisogea bila kukusudia, mshale nao unaruka na unaweza kufuta kazi ya saa nzima. Na ndiyo, ukikaa juu ya herufi, mashine zote huandika nyingi. Ukiandika "baba" kwa kidole kinachokawia, inakuwa "bbbaabbaa".

Imebaki ile nyeusi. Mutugi amekubali kuniwekea mpaka mwisho wa Aprili.

Kaka, njoo. Shule zikifungwa njoo Meru siku mbili, ukae mbele yake uijaribu mwenyewe. Mtu hachaguliwi kiatu na mwenzake. Nami nina hamu ya kukuona, hatujaonana tangu Krismasi ya mwaka juzi. Kama kuna jambo jingine lolote la kuniambia, utaniambia tukiwa tumekaa. Nitapika nduma.

Niandikie hata mstari mmoja kwamba unakuja.

Dada yako,
Nelius


Karurumo,
14 Mei 1998

Nelius,

Sikuja. Usinunue. Kompyuta sitaki tena. Mwambie Mutugi auze.

Mama hajambo. Nimeandika hii mwenyewe ili uamini.

Gitari


Meru,
21 Mei 1998

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu zingoje leo.

Barua yako ilifika jana. Sikuisoma, niliitazama. Mistari minne, na karatasi imetoboka mahali pawili kwa kalamu. Jina lako lenyewe limepanda juu likashuka chini mpaka ukingoni. Wewe ndiwe uliyenifundisha kushika penseli, Gitari. Ulikuwa unanipiga vidoleni nikiacha mstari. Ule haukuwa mwandiko wa mtu aliyejikata kidole miezi minne iliyopita.

Ni mikono ya Baba. Sivyo?

Tangu azikwe mwaka wa themanini na nne, wewe na mimi hatujawahi kumtaja katika barua hata moja. Nimezihesabu kichwani, najua. Sasa nitamtaja, nawe ukikasirika ukasirike.

Baba alikuwa fundi cherehani bora kuliko wote kutoka Runyenjes mpaka kwetu. Halafu akashindwa kutia uzi kwenye sindano. Halafu mishono ikapinda, wateja wakaondoka, na watu wakasema ni pombe. Kanisa likasema ni pombe na likamtenga. Mama akasema ni pombe. Na mimi nikasema.

Kuna jambo ambalo hujui. Nilipokuwa chuoni hapa Meru, alikuja siku moja kuniona. Alisimama langoni na kofia yake. Akaninyooshea mkono anisalimu, nao ulikuwa unatikisika mbele ya wasichana wenzangu. Nikaweka mikono yangu nyuma. Nikamwambia, "Baba, nenda nyumbani." Akasema, "Sawa, mama." Akageuka akaenda. Baada ya miezi mitano nikaitwa mazishini, na hakukuwa na mchungaji.

Sitaweka mikono nyuma mara ya pili. Niambie ukweli. Unaumwa tangu lini? Nani anajua shuleni? Na nisamehe kwa swali hili, lakini ni lazima niulize: unakunywa?

Ile kompyuta haijauzwa. Nimemwambia Mutugi aendelee kuiweka.

Nelius


Karurumo,
13 Juni 1998

Kwa dada yangu Nelius,

Mama anakusalimu. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mvua imetulia, na mahindi ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Haya, nimemaliza habari za nyumbani.

Muthoni anaandika. Ameniambia yeye mwenyewe kuhusu yale maneno ya nyuma ya karatasi. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaona sina haki ya kukasirika.

Ilianza miaka miwili iliyopita, mkono wa kulia, nikishika kikombe. Nikadhani ni uchovu. Mwaka jana ukaja wa kushoto. Mikono ikikaa mapajani haina neno, imetulia kama yako. Nikitaka kufanya nayo jambo ndipo inapoanza. Kumimina chai, kutia ufunguo, kuandika. Kadiri ninavyoogopa kwamba mtu ananitazama ndivyo inavyozidi.

Oktoba nilikuwa nachora ramani ubaoni, kidato cha tatu, Mto Tana. Mto ukanitoka. Ukaenda kushoto na kulia kama umechorwa na kuku. Wanafunzi wakacheka, na mmoja wa nyuma akasema polepole, "Mwalimu amelewa." Dada, siku hiyo sikuwa nimeonja kitu. Maisha yangu yote nilikuwa sijaonja, unajua kwa nini.

Desemba tulipeleka mahari ya kijana wa jirani, na nikapewa kikombe cha pombe ya asali. Kwa heshima ya wazee nikanywa. Baada ya nusu saa nikapewa chai. Nikaishika kwa mkono mmoja, na haikumwagika hata tone. Nikatazama mkono wangu. Ulikuwa umetulia kabisa, kama wa kijana. Nilifurahi karibu kulia, halafu nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Kwa sababu wakati uleule nilimwelewa Baba. Tulisema anatetemeka kwa sababu anakunywa. Nelius, alikuwa anakunywa ili aache kutetemeka.

Tangu Januari nilikuwa nikinywa kidogo asubuhi kabla ya kwenda darasani. Swali lako nimelijibu.

Ndiyo maana nilitaka kompyuta. Nilijiambia nikiandika kila kitu kwa mashine, mitihani, maelezo ya darasani, ripoti, hakuna atakayeona mwandiko wangu, sitahitaji kushika chaki, na ile chupa nitaiacha. Nilikuwa nataka pa kujificha. Aprili sikuja kwa sababu nilijua ungeniona nikishika kikombe.

Wiki ya pili ya Mei mwalimu mkuu, Bwana Njeru, aliniita ofisini. Akafunga mlango.

"Mwalimu, kaa hapa karibu," akasema. "Sogea tena." Halafu akanusa pumzi yangu. "Gitari, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto. Nimekaa nawe miaka kumi na moja. Wazazi wawili wamekuja hapa."

Nikasema nitaacha. Akasema, "Mwisho wa muhula huu kama sijaona mtu mwingine, nitaandika barua kwa waajiri. Sitapenda kuiandika, lakini nitaiandika." Nilitoka pale nikakuandikia ile mistari minne.

Nimeacha chupa siku kumi na tisa sasa. Mikono ni mibaya zaidi kuliko awali. Muhula unaisha mwanzoni mwa Agosti. Sijui nifanye nini.

Ndugu yako,
Gitari


Meru,
12 Julai 1998

Kwa kaka yangu Gitari,

Salamu kwenu nyote, na ndama nimesikia. Mama amempa jina? Bundi na Mwendwa wanawasalimu.

Nimechelewa kwa sababu sikutaka kuandika mikono mitupu. Nilikwenda Nkubu, hospitalini, nikapanga foleni kama mgonjwa, nikaingia kwa daktari na kumweleza habari ya ndugu yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika pale pa kikombe cha pombe na mkono kutulia aliweka kalamu chini. Akaniuliza, "Na baba yenu?" Nikamwambia. Akasema hawezi kumtibu mtu ambaye hajamwona, lakini kuna kutetemeka kunakotembea katika ukoo, kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, na pombe hukutuliza kwa saa chache kisha kunarudi kwa nguvu zaidi. Si wazimu, si laana, na hakuui mtu. Kuna vidonge vinavyosaidia wengine. Atakuona Alhamisi, tarehe ishirini na tatu, na mimi nitakungoja kwenye lango saa mbili asubuhi. Usiniache nimesimama pale.

Sasa kompyuta. Machi nilikuandikia kwamba nilizijaribu kwa namna mbalimbali. Sasa nitakuambia namna gani. Nilikaa dukani kwa Mutugi nikaitikisa mikono makusudi na kujaribu kuandika jina lako. Mutugi akasema, "Mwalimu, nikuletee sweta?" Nikatoka nje nikalia nyuma ya duka, kati ya magunia ya vitunguu. Ndivyo nilivyojua unavyoishi.

Wiki iliyopita nilikuwa napekua sehemu za Windows ambazo sijawahi kuwafundisha wanafunzi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuziuliza. Nikakuta mahali pa kuweka mipango kwa ajili ya watu ambao mikono yao ina shida. Unaiamuru mashine isijali herufi inayorudiwa haraka, na isijali kitufe kilichoguswa kwa bahati mbaya. Nikaiweka. Nikaitikisa mikono kama ile siku. Nikaandika "Gitari". Ikatoka "Gitari". Moja tu, safi. Nikajaribu mara ishirini. Ni polepole, inabidi ubonyeze na kungoja, lakini inaandika unachotaka wewe na si kinachotakwa na mkono.

Kwa hivyo ni ile nyeusi. Najua ni nzito, lakini kwako uzito ni faida, haitateleza mezani. Vitufe ni vikubwa na vigumu. Haina kibao cha kupapasa. Ina kijiti kidogo katikati, na nimekununulia kipanya cha kawaida pia. Betri yake ni ya saa moja na nusu tu na skrini haina rangi. Wewe unaandika mitihani, rangi ya nini? Na ni laptop kweli: utaandikia nyumbani, shuleni, popote.

Bundi atakuletea mwenyewe mwisho wa Julai. Lakini nina sharti. Isiwe mahali pa kujificha. Mwende kwa Bwana Njeru, wewe na barua ya daktari, umwambie yote kabla muhula haujafungwa. Usipokwenda, nitakuja mimi.

Jambo la mwisho, na ukilisoma usiniandikie kunipa moyo. Kila asubuhi kabla wanafunzi hawajaingia nanyoosha mikono yangu juu ya vitufe na kuitazama. Nimefanya hivyo tangu Machi. Wa kulia umetulia. Wa kushoto sina hakika. Siku nyingine naona umetulia, siku nyingine naona kidole cha mwisho kinacheza, na sijui kama ni kidole au ni woga wangu.

Dada yako,
Nelius


Karurumo,
6 Septemba 1998

Kwa dada yangu mpendwa Nelius,

Hii naiandika mimi mwenyewe, peke yangu, kwa mashine. Nimeanza saa tatu asubuhi ya jana, nikiipeleka shuleni kuichaji kila betri ikiisha. Karani wa shule atanipigia chapa kesho.

Tulishukuru sana kusikia kwamba Bundi hakuwa Nairobi siku ile ya bomu. Mama alikuwa amekaa kando ya redio mpaka barua yako ikaja. Mguu wake umepona, na ndama anaitwa Nelius, kwa hivyo usije ukasikia unaitwa na kutukanwa uwanjani ukadhani ni wewe.

Yale ya Nkubu unayajua, ulikuwepo. Vidonge vinasaidia, si sana. Labda theluthi moja ya kutetemeka imeondoka. Daktari alisema nisitarajie yote. Chupa sijagusa. Kuna asubuhi naitamani, sitakudanganya.

Kwa Bwana Njeru nilikwenda siku nne kabla ya shule kufungwa. Nilimpa barua ya daktari. Akaisoma mara mbili, akavua miwani. Nikamwambia yote, pamoja na ya Baba, pamoja na chupa. Nilipomaliza nikaanza kuinuka niondoke.

"Kaa," akasema. "Ulipokuwa unakunywa ulikosea."

"Ndiyo."

"Na mimi nilipokuita hapa sikukuuliza swali la pili. Niliuliza tangu lini. Sikuuliza kwa nini."

Hajaandika kwa waajiri. Amesema atanitazama muhula huu wa tatu, na hiyo ni haki yake. Siku ya kufungua niliwaambia kidato cha tatu mwenyewe. Niliinua mikono mbele yao wakaiona. Nikasema huu ni ugonjwa, baba yangu alikuwa nao, na ubaoni nitahitaji mtu wa kunichorea. Hakuna aliyecheka. Sasa nasema mto upite wapi na wao wanauchora, na wanazijua ramani kuliko wakati nilipokuwa nachora mimi. Mitihani yao ya majaribio nimeiandika kwa mashine hii, kurasa sita kwa siku nane.

Lakini hiyo haikuwa ya kwanza. Cha kwanza nilichoandika ni kingine, na ndicho ninachotaka kukuambia.

Jioni niliyotoka kwa Bwana Njeru nilimweleza Mama. Nilimwambia Baba alikuwa mgonjwa kwanza, pombe ikaja baadaye. Alikuwa anachambua maharagwe ya njahi. Hakuacha kuchambua. Alimaliza ungo mzima bila kunitazama, halafu akasema, "Aliniambia. Alisema, 'Sindano inanikimbia, nikinywa inarudi.' Nikamwambia ni visingizio vya walevi." Akauweka ungo chini. Halafu akauliza, "Hiyo mashine yako inaandika barua za kanisa?"

Nikasema inaandika.

"Basi waandikie."

Ilinichukua Jumamosi mbili. Mama alisema kwa Kiembu, mimi nikaweka kwa Kiswahili, na kila sentensi akataka nimsomee tena. Aliyakataa maneno yangu mengi mazuri. Nilipoandika kwamba familia inaomba marehemu asamehewe, akasema futa. "Wao ndio waombe msamaha," akasema. Nikafuta. Tuliambatisha barua ya daktari.

Wazee wenzangu wa kanisa waliijadili wiki mbili bila mimi, na nilisikia kwamba mmoja alipinga. Jumapili iliyopita, baada ya matangazo, mchungaji akaisoma yote mbele ya watu. Akasema Munyi wa Karurumo, fundi wa nguo, alitengwa na kanisa hili kwa kosa ambalo halikueleweka, na kwamba jina lake linarudishwa leo katika daftari la washirika. Akasema pia kwamba waliomzika bila maombi wanaomba radhi kwa mke na watoto wake. Kisha akaomba, na katika maombi akamtaja kwa jina lake.

Hakuna mtu aliyeambiwa asimame. Mama alisimama. Muthoni akamshika kiwiko akidhani anataka kutoka nje, lakini hakuwa anatoka. Alisimama tu na fimbo yake mpaka maombi yakaisha, na watu wa upande wake wakaanza kusimama mmoja mmoja. Mimi nilikuwa mbele na wazee wengine, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka vibaya. Niliiacha itetemeke.

Kuhusu mkono wako wa kushoto, ulinikataza kukupa moyo, na sitakupa. Naenda Nkubu tena Alhamisi ya tarehe ishirini na nne. Nitakuwa langoni saa mbili. Njoo tuingie wote wawili.

Kaka yako,
Gitari Munyi